Iafoni ya Kulia

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, saa nne na robo asubuhi, Ephrasia alitumbukiza iafoni ya sita kwenye ndoo ya maji dukani kwa Mustapha, nyuma ya soko la Bukoba, akaanza kuhesabu polepole kama mtu anayepanga mayai. Iafoni tano za kwanza, vile vidubwasha vya kuchomeka masikioni, zilikuwa zimelala juu ya kaunta zikiwa zimekufa, kila moja mbele ya boksi lake ili pasitokee ubishi. Ni Mustapha mwenyewe aliyebandika ukutani karatasi yenye maandishi makubwa, HAZIFI MAJI, JARIBU UAMINI. Ephrasia alisoma mpaka darasa la saba na aliheshimu kila kilichoandikwa, kwa hiyo alikuwa anajaribu ili aamini.

"Sitini na tatu, sitini na nne."

"Mama, unanunua iafoni au unabatiza?" aliuliza Mwajuma, mke wa Mustapha, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

"Ubatizo wa kwetu ni wa kumwagia kichwani tu, mwanangu. Hii lazima izame. Sitini na tano. Usinipotezee hesabu."

Alipofika mia akaitoa, akaikung'uta, akaichomeka sikioni. Ilikuwa inasema. Hakutabasamu, maana kazi ilikuwa bado. Alifungua mkoba akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu aliotoka nao nyumbani, kwa kuwa udongo wa mjini, alivyoona yeye, haujui kazi. Akaisugua iafoni kwa udongo huo mbele na nyuma. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa buti la mvua. Mwisho akachomeka zote mbili, akakaza kitenge kiunoni, akarukaruka mara kumi katikati ya duka huku akitikisa kichwa, mpaka chaja zilizoning'inizwa ukutani zikagongana. Iafoni hazikudondoka.

"Hizi zina namba gani?" aliuliza, akihema.

Mustapha akasoma boksi. "Sitini na nane, mama. Sita ni ya vumbi, nane ni ya maji. Juu ya hapo dukani kwangu hakuna."

"Na tope?"

Mustapha alifikiri. "Tope ni vumbi na maji. Jumlisha."

"Kumi na nne," alisema Ephrasia, akaridhika.

Zilikuwepo nyeupe na za rangi ya kahawa kavu. Nyeupe alizikataa palepale, zinaonyesha uchafu. Vimpira vya kukaza sikioni vilikuja vya saizi tatu. Sikio la kulia likachukua cha kati, la kushoto likachukua kikubwa, mambo ya kuzaliwa hayo. Za waya hakutaka hata kuziangalia, ingawa zamani alikuwa mtu wa waya kabisa, akiamini kwamba kitu kilichofungwa hakipotei. Iafoni zake za kwanza zilikunywa mvua kwenye mteremko wa kutoka kwao. Za pili ziliziba vumbi la kiangazi zikawa zinakoroma. Za tatu, waya wake ulinasa kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa umefungwa nyuma ya pikipiki, ukaondoka na mkungu, ukauzwa nao.

"Sasa mama," alisema Mustapha akimfungia boksi, "wenzako wananunua zozote tu wasikilize kwaya. Wewe unazipeleka vitani?"

"Nazipeleka kwa shemeji yangu," alisema Ephrasia.

Huo ulikuwa ukweli kuliko alivyojua.

Ephrasia alikuwa na miaka sitini na mmoja, na alikaa kitongoji cha Rwamigongo, ndani huko ukishaiacha Izigo, mahali ambapo barabara inaanza vizuri halafu inabadili mawazo. Mume wake, Protase, alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua. Aliacha kibanja: migomba, mibuni, nyumba ya bati na makaburi ya wazazi wake. Siku anakata roho, kaka yake mkubwa, Kahangwa, alikuwa ameketi kitandani pake, akamtuma Ephrasia jikoni achemshe maji. Ephrasia aliporudi na beseni, Protase alikuwa ameshamaliza. Kahangwa akamfumba macho mdogo wake, akatoka uani akawaambia watu kwamba marehemu amesema kibanja kirudi kwenye ukoo. Na ukoo, kwa pale Rwamigongo, ulikuwa Kahangwa.

Hakuna mwingine aliyesikia. Ephrasia alipeleka shauri lake kwenye baraza la wazee, wakampangia tarehe mwezi wa Juni. Binti yake, Evelyne, anayefundisha shule moja huko Kahororo, akamwambia, "Mama, twende na sheria mkononi." Lakini macho ya Ephrasia yalikuwa na ukungu, maandishi madogo yalimkimbia kama siafu. Basi Evelyne akawa anamsomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji kifungu kwa kifungu, anairekodi, anamtumia kwenye simu. Kuifungulia nyumbani kwa sauti haikuwezekana. Kati ya nyumba yake na ya Kahangwa kulikuwa na mstari wa migomba tu, na masikio ya Kahangwa hayakuwahi kuugua. Na kwa kazi za nyumbani na za shamba, nafasi ya kusoma ilikuwa moja, juu ya pikipiki, kila Alhamisi anapopeleka ndizi mjini, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, katika mvua, vumbi, mawe na madimbwi. Ndiyo maana ya ile ndoo.

Iafoni mpya zilifanya kazi yake kwa heshima. Mvua ya Aprili ilizipiga wiki tatu mfululizo. Kofia ngumu ilizibana, kilemba kikazibana juu yake. Riyadhi, mwenye pikipiki, mtu mzima mwenye wake wawili na subira ya kuwatosha wote, alizoea kugeuka nusu kila wakifika mwanzo wa lami na kuuliza, "Leo kifungu gani, mama?"

"Cha tatu tena. Nimekirudia. Mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kumiliki na kuitumia, sawasawa na mwanamume."

"Wameandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Angalia shimo."

Siku moja hakuliangalia. Pikipiki ikaenda upande wake, mikungu upande wake, Ephrasia akakaa katikati ya dimbwi mpaka kifuani. Evelyne aliendelea kumsomea kifungu cha ishirini masikioni bila hata kukwama. Ephrasia akakisikiliza mpaka mwisho, palepale kwenye maji, kwa sababu hakupenda kukatiza katikati ya sentensi, ndipo akampa Riyadhi mkono amwinue.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, aliziosha iafoni kwa sabuni. Boksi lilisema hazihitaji kukaushwa, lakini Ephrasia hakuwa na desturi ya kufundishwa usafi na boksi. Watu wa mjini simu ikilowa huifukia kwenye mchele. Yeye alikuwa na kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake ikiwa na maganda, ikaanikwa mpaka ikawa ngumu na nyeusi, ambayo kila nyumba ya Mhaya inakuwa nayo kwenye kikapu kidogo kwa ajili ya mgeni. Kahawa ikikauka inafyonza maji kuliko mchele. Alizifukia iafoni humo, akafunika, akaenda kumenya ndizi.

Hajafika ndizi ya tano, Kahangwa akapiga hodi.

Sasa, mgeni ni mgeni, hata awe amekuja kukufukuza. Ephrasia alifuta mikono, akamkaribisha, akapiga goti kidogo, akamletea kikapu cha kahawa kwa mikono miwili, naye ameshasahau kabisa kilichokuwa ndani. Kahangwa akachovya vidole bila kuangalia, akatupia punje kinywani, akaanza maneno yake.

"Shemeji, nimekuja kwa amani."

"Nyegera, waitu," alimkaribisha Ephrasia kwa Kihaya.

"Hilo shauri ulilopeleka barazani linatutia aibu. Mimi sikufukuzi. Nakwambia tu kwamba ikifika mavuno, mwanangu Dastan anataka kuingia kwenye hii nyumba, ana mke sasa. Wewe tutakutafutia mahali."

Akatafuna. Kitu kikalia *kra*. Akatafuna tena, upande wa pili, kwenye meno yaliyobaki.

"Kahawa yako ya mwaka gani hii, shemeji? Imekomaa."

Ndipo Ephrasia akaangalia kikapuni akaona iafoni moja tu, ya kushoto. Alikuwa na nafasi ya kusema. Lakini Kahangwa alikuwa bado anaongea, na mwanamke hamkatizi kaka wa mumewe akiwa kwenye maneno, jambo ambalo Kahangwa mwenyewe alikuwa ameshamkumbusha mara nyingi. Kwa upande wake Kahangwa alihisi kabisa kwamba hii punje haina tabia ya kahawa. Lakini kutema kahawa ya mwenye nyumba ni kumwambia unamshuku kwamba anakuwekea sumu, na maneno kama hayo yangefika barazani kabla yake. Akakaza macho, akameza.

"Asante kwa kahawa," alisema.

"Karibu tena," alisema Ephrasia.

Asubuhi iliyofuata alichomeka ya kushoto peke yake, akafungua kifungu cha tatu kuijaribu. Sauti ya Evelyne ikamjia sikioni, na wakati huohuo ikatoka ng'ambo ya migomba, safi, kubwa kidogo, ikisema kwamba mwanamke ana haki sawasawa na mwanamume. Ephrasia akasogeza majani. Kahangwa alikuwa amesimama na panga mkononi, anapogoa, shati wazi, tumbo linasoma.

"Shemeji," alisema, "punguza sauti."

"Ya simu yangu?"

"Ya tumbo langu."

Ephrasia akapunguza. Hakuwa mtu wa kelele.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa mtu aliyemeza kitu. Violeth, mke wa Kahangwa, alimlisha papai siku tatu, bamia mbili, na maji ya moto yenye mafuta ya kula. Kila alipokwenda chooni waliokuwa uani walinyamaza wakisubiri, na kila mara walisikia Evelyne anatoka naye akiwa kwenye kifungu kinachofuata. Wakampeleka zahanati. Muuguzi alimwekea kipimo cha kusikilizia mapigo, akakaa nacho muda mrefu, akaomba kirudiwe kile kifungu cha talaka na mgawanyo, kisha akaandika kwenye daftari: *Tumbo laini. Sauti nzuri.* Dawa hakumpa.

Ephrasia aliona huruma. Mtu hawezi kwenda msibani na tumbo linalosoma sheria. Akazima simu yake kabisa, akaifungia sandukuni.

Tumbo likanyamaza nusu siku. Halafu, kwa kuwa halikuwa na cha kusomewa, likaanza kusema yaliyokuwemo.

Lilianza na madogo. Mezani, mbele ya Dastan na mkewe, lilisema kwa sauti ya Kahangwa mwenyewe kwamba rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusi yao, ilitiwa maji madumu mawili. Kesho yake likasema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja halijawahi kuupenda wali wa Violeth.

"Kumbe," alisema Violeth.

Tangu siku hiyo akapika wali kila siku.

Watu wa Rwamigongo hawakushangaa. Kila mmoja alijua kwamba Kahangwa ana mambo tumboni, ndivyo walivyokuwa wanasema siku zote; tofauti ni kwamba sasa tumbo lilikuwa na kipaza sauti. Waliokutana naye njiani walimsalimia yeye kwanza, wakangoja kidogo, kisha wakalisalimia na tumbo. Wenye haraka walisalimia tumbo tu.

Jumapili ya tatu ya Mei, kanisani, padri akiwa ameinua hostia na watu wote wamepiga magoti kimya, tumbo lilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Protase. Alikuwa mwimba besi wa kwaya kwa miaka ishirini na miwili, kila mtu alikijua kikohozi chake. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayebana pumzi:

"Kaka. Kibanja nimemwachia Ephrasia. Migomba yote na mibuni yote, mpaka kwenye milamula ya chini. Wewe nimekuachia baiskeli, ile isiyo na mnyororo. Umesikia?"

"Nimesikia," likajibu tumbo kwa sauti ya Kahangwa.

"Mwite basi na yeye asikie."

"Amekwenda kuchemsha maji. Pumzika."

Kengele ikagongwa, ibada ikaendelea. Kwenye benchi la wanakwaya mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba Protase bado anashuka vizuri kwenye noti za chini. Baada ya misa padri alimwita Kahangwa pembeni.

"Tumbo lako limeungama," alisema. "Wewe je?"

"Mimi bado, padri. Najiandaa."

"Basi wakati unajiandaa, ukae karibu na ngoma za kwaya."

Ephrasia alikuwa amesikia akiwa amepiga magoti, upande wa wanawake, rozari mkononi. Hakulia. Alikaa pale mpaka kanisa likaisha watu, akiwa anairudia ile sentensi kichwani kwa mpangilio uleule: migomba yote na mibuni yote. Miaka miwili alikuwa akijiuliza, bila kumwambia hata Evelyne, kama kweli mume wake aliweza kumfanyia vile. Alipotoka nje alinunua maandazi mawili akayala yote akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azike.

"Mama, kesi imekwisha!" Evelyne alipiga kelele kwenye simu. "Marehemu amesema mwenyewe! Kanisa zima limesikia!"

"Kesi ni Juni," alisema Ephrasia. "Usinivurugie."

Alhamisi iliyofuata alipita kwa Mustapha kuulizia kama iafoni ya kulia inauzwa peke yake.

"Ilikufa?" aliuliza Mustapha kwa wasiwasi.

"Haijafa. Ipo tumboni kwa shemeji. Wiki ya tano."

Mustapha akachukua boksi, akaligeuza, akasoma nyuma. "Hapa wameandika chaji ni saa sita." Akajivuna. "Meno yake je?"

"Lilivunjika moja. Iafoni sijui kama ilipasuka, lakini inasema vizuri."

"Mwajuma! Njoo usikie!" Mwajuma akaja, akasikia, akauliza swali moja tu, kama lile tumbo linasema na habari za wake za watu. Ephrasia akajibu kwamba bado halijafika huko. Jioni hiyo ile karatasi ya ukutani ilitolewa, ikabandikwa nyingine: ZIMEJARIBIWA TUMBONI. Iafoni ya kulia peke yake hakuwa nayo.

Siku ya baraza ilifika, Jumanne, saa tatu. Wazee walikuwa watano, na mwenyekiti wao alikuwa Josia, mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Evelyne aliomba ruhusa shuleni akaja na sheria nzima ikiwa imefungwa plastiki. Kahangwa alivaa koti. Ephrasia aliomba jambo moja tu, kwamba shahidi wake asikilizwe.

"Shahidi ni nani?" aliuliza Josia.

"Tumbo la shemeji."

Josia akaandika. "Linaweza kuapa?"

Wazee wakashauriana. Kahangwa akaambiwa afungue koti na shati, Biblia ikawekwa juu ya tumbo, akaishika kwa kando isianguke. Tumbo halikurudia maneno ya kiapo. Lilikohoa, likasema yote tangu mwanzo, kaka, kibanja, migomba, mibuni, milamula, baiskeli, umesikia, nimesikia, mwite asikie, amekwenda kuchemsha maji. Mzee mmoja kiziwi aliomba asogezewe, Kahangwa akamsogelea, tumbo likarudia. Hapakuwa na aliyepinga kwamba sauti ni ya Protase.

"Wewe, Kahangwa, unasemaje?" aliuliza Josia.

"Mimi na tumbo langu hatujakubaliana juu ya jambo hili," alisema Kahangwa. "Mimi ninashikilia maneno yangu ya mwanzo. Na ninaomba baraza liulize, hicho kinachosema humu ndani ni cha nani?"

Josia akamgeukia Ephrasia. "Ni cha nani, mama?"

"Ni iafoni yangu."

"Ulinunua wewe?"

"Nilinunua mimi. Niliichagua siku nzima. Nikaitia majini, nikaikanyaga."

Alisema kwa kujivuna kidogo, maana ilikuwa kweli, na Evelyne akafumba macho. Wazee walitazamana. Josia akaweka kalamu chini, akachukua nyingine.

"Basi shahidi ni mali ya mlalamikaji," alisema.

Walikwenda nje kushauriana, wakarudi baada ya muda wa kutosha mtu kula. Josia alisoma kwa sauti nzuri. Baraza limelisikiliza tumbo kwa heshima na linalishukuru. Hata hivyo tumbo ni sehemu ya mlalamikiwa, nacho kinacholisemesha ni mali ya mlalamikaji, kwa hiyo halijulikani linasimama upande gani. Pia mipaka iliyotajwa ni ya milamula. Hapo Josia aliinua macho kuwakumbusha waliohudhuria kwamba mlamula ni mmea wa mpakani, na ingawa kwa Kihaya kulamula ni kuamua, mmea wenyewe hauamui kitu, unasimama tu. Kibanja kitabaki mikononi mwa ukoo.

"Na kuhusu baiskeli," aliendelea, "mlalamikiwa hakupinga, na mlalamikaji naye hakupinga. Hapo baraza limeona ushahidi wa tumbo unatosha. Baiskeli apewe Kahangwa."

Evelyne alisimama. "Mwenyekiti, kifungu cha tatu kinasema wazi! Mwanamke ana haki..."

"Mwalimu," alisema Josia kwa upole, "sheria tunaiheshimu sana. Iko kabatini."

Evelyne aliandika rufaa palepale kwenye benchi, kurasa nne, machozi yanalowesha pembe za karatasi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili likisema rufaa imepokelewa, itapangiwa tarehe, na kwamba tumbo lisisafirishwe mpaka litakapoitwa. Dastan na mkewe wakaingia kwenye nyumba ya bati. Ephrasia aliachiwa jiko la nje mpaka atakapojipanga, na Kahangwa alitangaza kwa majirani kwamba hakuna ukoo mwingine ambao ungefanya hivyo. Tumbo likaongeza kwamba jiko lenyewe linavuja. Hakuna aliyelikatalia.

Mwezi wa Julai kahawa iliiva vizuri kuliko miaka yote mitatu iliyopita. Kahangwa alihitaji watu wa kuchuma, akaja mwenyewe asubuhi mpaka jikoni, akikokota baiskeli isiyo na mnyororo, akamwambia Ephrasia kwa adabu kwamba hakuna anayeijua mibuni ile kama yeye. Ilikuwa kweli. Mingine aliipanda akiwa na mimba ya Evelyne. Ephrasia alichukua kikapu, akajifunga kanga, akaingia shambani pamoja na wachumaji wengine, akachuma kwa vidole vyote kumi, nyekundu tu, za kijani akiziacha.

Ilipofika saa sita Kahangwa alikuja kukagua. Alisimama mwanzoni mwa safu, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli. Tumbo lilikohoa, wachumaji wakapunguza mazungumzo, kama watu wanavyofanya redio ikifika kwenye taarifa ya habari.

"Kibanja nimemwachia Ephrasia," alisema Protase. "Migomba yote na mibuni yote, mpaka kwenye milamula ya chini."

Kahangwa aliitikia kwa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea bondeni.

"Umesikia, shemeji. Mpaka kwenye milamula. Ile safu ya mwisho usiniachie."

"Nimesikia," alisema Ephrasia, akaburuta kikapu chake kwenda chini.